Mimea 32 kati ya 3,839

Hesabu zilizoninasa ni nne tu: 1,997, 906, 904 na 32. Ni idadi ya mimea ya mahindi, iliyogawanywa mafungu manne, katika kitabu cha mtakwimu Ronald Fisher cha mbinu za takwimu kwa watafiti. Kitabu kilitoka 1925, na sura yenye mahindi haya iliongezwa katika toleo la pili, 1928. Nilikuwa natafuta jambo jingine kabisa. Sikuendelea nalo.

Fungu la kwanza lina punje za wanga na jani la chini la kijani. La pili, wanga na jani jeupe. La tatu, punje za sukari na jani la kijani. La nne, sukari na jeupe. Wazazi walikuwa na jeni mchanganyiko kwa sifa zote mbili, wakajichavusha wenyewe. Kama kila sifa ingerithiwa kivyake, fungu la nne lingepata mmea mmoja katika kila 16, yaani kama 240. Limepata 32. Basi jeni hizo mbili zimekaa kwenye kromosomu moja, na ili mmea wa sukari wenye jani jeupe upatikane, ni lazima zibadilishane upande kwenye chavua na kwenye yai pia. Hubadilishana mara ngapi? Kigezo kinachokadiriwa ni kiwango cha kubadilishana kwenye chavua mara kiwango cha kubadilishana kwenye yai.

Fisher anaweka mbinu kadhaa mezani kama mwalimu anayejua fika nani atafeli. Ya kwanza inavutia kwa wepesi: jumlisha fungu la kwanza na la nne, toa la pili na la tatu, gawanya kwa mimea yote. Unapata 0.057. Ukitumia namba hiyo kutabiri mafungu, inakupa 1,974, 905, 905 na 55. Linganisha na yaliyohesabiwa shambani. Mafungu mawili ya kati yamelengwa karibu sawasawa, la kwanza limekosewa kwa 23 tu.

Kisha anakuja na mbinu yake mwenyewe, ya uwezekano wa juu kabisa. Wazo lake alilichapisha 1912 akiwa bado mwanafunzi Cambridge mwenye umri wa miaka 22. Alilipa jina hilo 1922, akiwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted. Hapa huulizi kigezo kipi kina uwezekano wa kuwa kweli, na Fisher alikuwa mkali sana kwa waliochanganya mambo hayo. Unauliza: kigezo kikiwa hiki, hesabu hizi nne hasa zingetokea kwa urahisi gani? Kikiwa kile je? Unachagua kinachozifanya zitokee kwa urahisi kuliko vingine vyote. Jibu ni 0.0357. Utabiri wake: 1,954, 925, 925 na 34.

Hapo ndipo nilipokwama. Mbinu ya Fisher imekosea zaidi kwenye mafungu matatu kati ya manne! La kwanza limepungua kwa 43, ya kati yamezidi kwa takriban 20 kila moja. Imeshinda kwenye lile dogo tu. Kwa nini basi ndiyo bora?

Fisher hana huruma na swali hilo. Ukipunjwa kilo kwenye gunia la kilo mia, huenda usijue. Ukipunjwa kilo kwenye mfuko wa kilo mbili, utarudi dukani. Kukosa 43 katika karibu 2,000 ni jambo ambalo bahati peke yake hulifanya kila siku. Kutabiri 55 pale palipo na 32 si hivyo. Mbinu nyepesi inayapa mafungu yote uzito uleule, kana kwamba mmea wa fungu la nne unasema kiasi kilekile na mmea wa la kwanza. Gharama yake inaumiza: kwa kigezo kidogo namna hii, usahihi wake ni kama asilimia 13 tu ya usahihi wa mbinu ya Fisher. Mtu aliyehesabu mimea 3,839 na kuikokotoa kwa njia nyepesi amepata alichoweza kukipata kwa mimea kama 500. Jasho lote lile!

Lakini kuna mbinu nyingine katika sura hiyohiyo, ya kuzidisha na kugawanya mafungu, inayotoa 0.0356, na Fisher mwenyewe anakiri kwamba sampuli ikiwa kubwa haipitwi na yake. Sasa ukuu wa uwezekano wa juu uko wapi hasa, katika jibu au katika kwamba njia moja inafaa kwa kila tatizo?

Na kuna la shambani zaidi. Mimea ya sukari yote ni 936, wakati robo kamili ingekuwa 960. Yenye jani jeupe ni 938. Huenda ni bahati. Tofauti hiyo si kubwa. Ila hesabu nzima inachukulia kwamba punje za kila aina ziliota sawa, na punje za sukari kwa kawaida huota kwa shida kuliko za wanga. Kama baadhi zilioza ardhini kabla ya mtu kupita na daftari, fungu la tatu na la nne yalipungua pamoja, na mbinu nyepesi ndiyo itakayopotoshwa zaidi.