Wodi moja, altare mbili

Vilima vya Kampala vina wenyewe. Namirembe ni kwa Waanglikana, Rubaga na Nsambya kwa Wakatoliki, Kibuli kwa Waislamu, Namungoona kwa Waorthodoksi. Hospitali nazo zilifuata mkondo huohuo: Mengo ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1897, na haukupita muda mrefu masista wa Kikatoliki wakafungua za kwao Rubaga na Nsambya. Mulago ndiyo imekuwa ya wote. Ni ya serikali, na tangu matibabu yalipoanza kilimani pale mwaka 1913 hakuna anayenyimwa kitanda kwa sababu ya dini. Wa kushoto ana rozari chini ya mto, wa kulia ni mwanakwaya wa Kianglikana, na jamaa zao wanaolala kwenye mikeka wanagawana uji na maji ya moto hadi wanakuwa ndugu.

Ugomvi huanza nje, siku ya kuchukua mwili.

Nilishuhudia mmoja. Marehemu alikuwa bibi Mkatoliki aliyeolewa ujanani na Mwanglikana, na kama ilivyo desturi ya huku, watoto wote walifuata dini ya baba. Wiki zake za mwisho, aliyepanda Mulago kila jioni kumwombea ni mchungaji wa watoto hao. Asubuhi hiyo jeneza lilikuwa limeshapakiwa, na juu yake zimekunjwa nguo za magome ya mutuba ambazo Waganda huzikia wapendwa wao. Mwanawe mkubwa akamwendea paroko na ombi moja: misa ikiisha, mchungaji aadhimishe Chakula cha Bwana palepale kanisani, ili watoto nao washiriki. Paroko alimsikiliza mpaka mwisho.

“Mwanangu, mchungaji atasimama, ataomba, atatupa neno la faraja. Altare siwezi kumpa. Si yangu.”

Wifi yake marehemu akadakia: “Padri, wodini alifaa, kanisani hafai?”

Swali hilo ni la haki kabisa, na aliyeliuliza alistahili kujibiwa kwa kirefu kuliko nafasi iliyokuwapo pale uani, dereva akipiga honi. Paroko hakuwa na roho mbaya. Alisema kweli tupu. Mwongozo wa ekumene uliotolewa na Vatikani mwaka 1993 unaeleza kwamba makanisa ya Kikatoliki yamewekwa wakfu au kubarikiwa, na kwa kawaida ni kwa ajili ya ibada za Kikatoliki. Lakini aya hiyohiyo, ya 137, inaendelea: Wakristo wengine wakiwa hawana mahali pa kuadhimishia ibada zao kwa heshima, askofu wa jimbo anaweza kuwaruhusu watumie kanisa, na hata kuwaazima vinavyohitajika kwa ibada. Anayeruhusu ni askofu. Paroko hana mamlaka hayo, na msiba hauna subira ya kungoja barua.

Kuna jingine, nalo ni chungu, lakini kulificha ni kuwadharau watu. Mwaka 1896 Papa Leo XIII alitamka kwamba madaraja matakatifu ya Kianglikana ni batili, na tamko hilo halijafutwa. Kwa Waorthodoksi ni tofauti: Roma inakiri kwamba mapadri wao ni mapadri kweli na Ekaristi yao ni Ekaristi kweli, ingawa umoja kamili haujapatikana. Ndiyo maana macho ya Roma hayawaangalii wageni wote sawasawa. Aprili 2023 kundi la mapadri wa Kianglikana wapatao 50, wakiongozwa na askofu wao kutoka Uingereza, waliadhimisha ibada yao kwenye altare kuu ya Mtakatifu Yohane wa Laterano, kanisa la kiaskofu la Papa mwenyewe. Wasimamizi wa kanisa hilo wakatoa tamko la masikitiko makubwa, wakieleza kwamba mawasiliano yalikwenda kombo. Mwezi haukuisha, Papa Tawadros II wa Wakopti akaadhimisha liturujia yake katika basilika hilohilo, safari hii kwa mwaliko na kwa heshima zote. Mwanglikana akiyatazama hayo mawili akaumia, simlaumu.

Kwetu Uganda jeraha lina umri mkubwa zaidi. Tarehe 24 Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana hapa Mengo kwa bunduki, Kapteni Lugard, Mwingereza, akiwaunga mkono Waprotestanti kwa bunduki yake ya Maxim. Kanisa la Rubaga liliteketezwa, na Askofu Hirth wa Wakatoliki akakimbia na watu wake. Baada ya hapo vyeo na ardhi viligawanywa kwa madhehebu, Wakatoliki wakasukumwa mkoa wa Buddu. Mtu ambaye babu zake walichomewa kanisa hasikii neno “kugawana” kama anavyolisikia Mjerumani anayesali katika jengo la madhehebu mawili. Anasikia “kunyang’anywa”. Askofu Mkuu Cyprian Kizito Lwanga wa Kampala alipotoa agizo lake la Februari 2020, akikataza komunyo mkononi na kusisitiza misa ziadhimishwe mahali patakatifu palipotengwa, wengi walishangaa ukali wake. Mimi sikushangaa. Jimbo hili limejifunza kwa damu kulinda mahali pake.

Na bado damu hiyohiyo ilishamwagika pamoja. Tarehe 3 Juni 1886, karibu miaka sita kabla ya vita vya Mengo, Kabaka Mwanga wa Buganda aliwachoma moto Wakatoliki na Waanglikana pale Namugongo. Karoli Lwanga aliuawa peke yake, mahali ilipo basilika leo. Wenzake Wakatoliki walichomwa pamoja na Waanglikana kwenye tanuru moja, na eneo hilo sasa liko mikononi mwa Kanisa la Uganda, yaani Waanglikana. Kwa hiyo mahali walipokufa wengi wa watakatifu wetu wa siku ile hatupamiliki, na kila 3 Juni ibada mbili zinaendelea jirani jirani, kila moja na vipaza sauti vyake. Paulo VI, aliyewatangaza mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda kuwa watakatifu mwaka 1964 na kuwataja pia Waanglikana waliokufa kwa jina la Kristo, alifika kwenye eneo la Waanglikana mwaka 1969. Fransisko alipitia huko kwanza tarehe 28 Novemba 2015, kisha akaenda kusoma misa upande wa Wakatoliki. Wote wawili waliomba bila kuchanganya altare, na hakuna aliyeondoka amefedheheka.

Kwa hiyo simwombi paroko avunje sheria. Ninachodai ni sheria hiyo ifundishwe yote, maana kwa watu wa Mulago ina upana ambao wengi hawajawahi kuambiwa. Kanuni ya 844 ya Sheria za Kanisa Katoliki inamruhusu padri Mkatoliki kumpa Mwanglikana aliye katika hatari ya kufa kitubio, Ekaristi na mpako wa wagonjwa, ikiwa hawezi kumpata mchungaji wake, ameomba mwenyewe, anaikiri imani ya Kikatoliki kuhusu sakramenti hizo, na ana moyo ulioandaliwa. Mworthodoksi hahitaji hata kuwa mahututi, mradi aombe mwenyewe na awe na moyo ulioandaliwa. Kanuni ya 1183 inampa askofu nafasi ya kukubali Mkristo asiye Mkatoliki azikwe kwa ibada za Kikatoliki, kama mchungaji wake hapatikani na yeye mwenyewe hakuwa amekataa. Yule wifi angeyajua haya, swali lake lingekuwa lingine.

Baraza la Pamoja la Kikristo la Uganda lipo tangu 1963, na ndani yake wameketi Wakatoliki, Waanglikana na Waorthodoksi. Limezungumzia uchaguzi, ardhi na amani. Sasa lizungumzie chumba cha maiti. Maaskofu watie saini karatasi moja inayosema nani anaweza kuomba nini kitandani, nani atasimama wapi siku ya mazishi ya familia iliyochanganyika, na ombi la kutumia kanisa lipelekwe kwa nani na lijibiwe kwa muda gani. Makasisi wote wanaozuru wagonjwa Mulago wapewe nakala yake, ibandikwe sakristia za parokia zinazozunguka hospitali, na iandikwe kwa Kiganda, Kiswahili na Kiingereza, kwa sababu wagonjwa wanaletwa pale kutoka kila pembe ya nchi.