Tuta la Bwawa Nalo Lahitaji Tabibu

Maji yanayofika katika nyumba nyingi za Eldoret huanza safari yake katika bwawa la Chebara, lililojengwa kuuzuia mto Moiben ushukao kutoka vilima vya Cherangani. Mama afunguaye bomba alfajiri ili wanawe watawadhe hana haja ya kuliwaza bwawa lile. Yupo, hata hivyo, anayepaswa kuliwaza kila siku, na elimu anayoitumia ndiyo tunayoitazama juma hili, kwa kuwa mabinti zetu wanaweza kuisomea.

Ni elimu ya kupima afya ya majengo, madaraja na mabwawa yakiwa bado yamesimama. Wazee walituusia kuziba ufa. Hawakutuachia njia ya kuuona ufa uliojificha ndani ya tuta la udongo. Bwawa la namna hiyo huanza kuharibika ndani. Maji hupenya pembezoni mwa mzizi uliooza au katika shimo la fuko, yakachukua chembe za udongo, na njia ikapanuka siku hata siku. Kwa hiyo mhandisi hufukia mirija ya kupima msukumo wa maji ndani ya tuta, hupima kiasi kinachochuruzika chini yake, na huweka alama juu yake ili ajue kama linadidimia.

Gharama ya kutopima tunaijua. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel huko Solai, Nakuru, lilipasuka baada ya mvua nyingi. Watu wasiopungua 47 walifariki, wengi wao wanawake na watoto. Kwetu pwani nako, Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 zama za Sayyid Barghash, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 mafundi wakiwa kazini, na wawili wakapoteza maisha. Uchakavu wa jumba lile haukuwa siri kwa mtu.

Chuo Kikuu cha Eldoret kimo humo humo Moiben, na uhandisi wa ujenzi hufundishwa hapo. Uasin Gishu ni nchi ya mashamba yenye mabwawa madogo ya udongo, mengine ya tangu enzi za walowezi. Kwa maoni yetu, utafiti wenye manufaa zaidi uko katika mabwawa hayo madogo, yasiyo na mhandisi wake. Je, kifaa cha bei nafuu, kinachotumia nguvu za jua, kinaweza kupeleka vipimo kwa simu kila saa? Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-1, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2014, huweza kuonyesha ardhi iliyosogea kwa milimita chache, na picha zake hutolewa bure. Mwanafunzi mwenye kompyuta na subira anaweza kuanza nazo, ingawa nyasi na miti huzitatiza, na hilo lenyewe ni swali la kutafitiwa.

Kwa jamaa zetu wanaoishi chini ya bwawa la shamba, macho bado ni kipimo. Maji machache yavujayo yakiwa safi, na yaangaliwe kila siku kama yanaongezeka. Yakigeuka ya tope, udongo wa ndani unatoka: watoto wapandishwe mahali pa juu kwanza, kisha chifu aarifiwe saa ile ile.