Kompyuta Kuukuu Yaweza Kurudishiwa Uhai Visiwani

Mitepe ya Wabajuni ilishonwa ubao kwa ubao kwa kamba za makumbi, bila msumari. Mshono ulipochakaa, fundi aliufungua na kuushona upya pasipo kuomba ruhusa kwa mtu. Programu huria za kompyuta zimeundwa kwa mwendo huo: mshono wake u wazi, na kila mwenye ujuzi huruhusiwa kuukagua, kuurekebisha na kumgawia jirani nakala.

Mfumo endeshi uitwao Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ni wa jamii hiyo. Kiini chake ni Linux, kazi iliyoanzwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Hauuzwi, wala anayeutumia hahitaji nakala ya wizi. Nguo ya kuazima, walisema wahenga, haisitiri maungo.

Kwa nyumba iliyoko Chula au Koyama, faida kubwa ni kwamba mfumo huu husafiri. Faili lake hupakuliwa mara moja tu, Kismayuu au Mombasa, kisha huandikwa kwenye flashi ya gigabaiti 8 kwa programu maalumu, kwani kulinakili kama picha ya kawaida hakutoshi. Flashi hiyo huvuka bahari mfukoni mwa abiria wa mashua, na moja yaweza kuhudumia mtaa mzima.

Kabla ya jambo lolote, picha na vyeti vilivyomo ndani ya kompyuta vihifadhiwe kwenye flashi nyingine, kisha vifunguliwe ili kuhakikisha kuwa ni vizima. Usimikaji waweza kufuta diski yote. Familia zilizokimbia machafuko yaliyofuata kuanguka kwa serikali mwaka 1991 zinajua uchungu wa kupoteza karatasi zisizorudi tena.

Baada ya hapo, kompyuta ya biti 64 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 au zaidi huzimwa, flashi huchomekwa, na mashine huwashwa huku kikibonyezwa kitufe cha kuchagua chanzo, ambacho kwa nyingi ni F12 au Esc. Katika orodha itakayotokea, ichaguliwe njia ya kujaribu bila kusimika. Hapo kioo, sauti na mtandao hupimwa pasipo diski kuguswa. Mandhari ya Xfce ni mepesi, yanafaa mashine za zamani.

Kioo kikibaki cheusi, mashine iwashwe upya, ibonyezwe herufi e kwenye orodha, liongezwe neno nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha F10. Tangu toleo la 12 la mwaka 2023, Debian huja na vijiprogramu vya kuamsha kadi za picha na za mtandao. Zamani ilibidi vitafutwe kwenye mtandao uleule usiopatikana. Pasipo Wi-Fi, simu huunganishwa kwa waya na kuruhusiwa kugawa mtandao wake.

Yote yakienda sawa ndipo usimikaji uanze, betri ikiwa imejaa, maana umeme ukikatika katikati kazi huharibika.

Lugha nayo isiwe kizuizi. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Kilichofanyika Dar es Salaam chaweza kufanywa pia kwa Kibajuni, na sheria ya programu hizi haimzuii yeyote. Kijana anayejifunza leo kusimika mfumo kisiwani ndiye atakayekuwa fundi wa mshono huo kesho.