Siku ya Kwanza Ughaibuni: Kwa Nini Mwili Wako Bado Uko Dar?

Umepata ufadhili, viza imetoka, umeaga nyumbani. Ni Septemba, ndege inatua Wuhan, China, tuseme saa 1 asubuhi. Simu ikishika mtandao tu, inajirekebisha yenyewe kufuata saa za huko. Mwili wako je? Huo haujirekebishi. China iko saa 5 mbele ya Tanzania na Kenya, kwa hiyo kwa mwili wako bado ni saa 8 usiku. Na siku hiyohiyo unatakiwa ujisajili chuoni, ulipie chumba, usaini karatasi na uvuke barabara usizozijua.

Wengi husema ni uchovu wa safari tu, ukilala unaisha. Uchovu upo kweli, lakini kuna jambo lingine juu yake.

Saa iliyo kichwani

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya fahamu ya macho inapokutana, kuna kifundo kidogo chenye seli kama 20,000. Hicho ndicho saa kuu ya mwili. Ndicho kinachopanga lini usinzie, lini njaa ikuume, lini joto la mwili lipande na lini lishuke.

Mwaka 2017, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipata Tuzo ya Nobel kwa kugundua jinsi saa hii inavyofanya kazi ndani ya seli. Walichunguza nzi wa matunda. Kwa ufupi, jeni fulani hutoa maagizo ya kutengeneza protini. Protini ikijaa, inaizima jeni hiyohiyo. Ikipungua, jeni inawaka tena. Mzunguko mmoja huchukua karibu saa 24.

Kwa watu wengi mzunguko huo unazidi saa 24 kidogo. Ndiyo maana kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi. Sasa, ukisafiri kwenda mashariki unaulazimisha mwili uwahi. Saa 5 usiku wenzako wa bwenini wanazima taa, wewe mwili unakuambia ni saa 12 jioni. Utalalaje? Kwa makadirio ya kawaida, mwili huhitaji kama siku moja kwa kila saa moja uliyovuka, yaani siku 5 hivi.

Jua linasaidia, ila kwa wakati wake

Kinachosogeza saa hii zaidi ya kitu kingine chochote ni mwanga unaoingia machoni. Hapa ndipo watu wanapojichanganya. Kama nyumbani huamka saa 12 asubuhi, joto la mwili wako hufika chini kabisa karibu saa 10 alfajiri. Kwa Wuhan hiyo ni saa 3 asubuhi. Mwanga mkali kabla ya hapo, ubongo unauona kama jioni iliyorefuka, na saa inarudi nyuma. Mwanga baada ya hapo unaisogeza mbele, kule unakotaka.

Kwa hiyo asubuhi ya kwanza vaa kofia na miwani ya jua, au kaa ndani. Kuanzia saa 4 hivi, toka nje utembee. Kesho yake unaweza kuanza mapema kidogo. Ukizidiwa na usingizi mchana, lala nusu saa tu, utege alamu. Kahawa achana nayo kuanzia alasiri.

Barabara haisubiri uzoee

Mwaka 1997, Dawson na Reid walichapisha utafiti katika jarida la Nature. Walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hushuka uwezo wa kuratibu macho na mikono sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Ukihesabu tangu ulipoamka kwenu hadi unatoka uwanja wa ndege, saa 17 ni rahisi kuzipita.

Na China magari yanapita kulia. Sisi tumezoea kuangalia kulia kwanza. Kule gari la karibu linatokea kushoto. Ubongo uliochoka hurudia mazoea. Basi siku hiyo ya kwanza vuka kwenye taa, angalia pande zote mbili, na mkataba wa chumba kama unaweza kusubiri, usaini kesho.