Orodha ya Kesho na Usingizi wa Leo

Mwaka 2018, Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, walichapisha utafiti kuhusu vijana 57 waliokwenda kulala maabara. Kabla taa hazijazimwa, kila mmoja alipewa dakika tano za kuandika. Kundi moja liliandika kazi lilizokwisha kuzimaliza siku za karibuni. Jingine liliandika kazi linazopaswa kuzifanya kesho na siku chache zijazo. Muda wa kusinzia haukutegemea maneno yao, kwa sababu vijana walifungwa nyaya za kupima mawimbi ya ubongo, na mashine ndiyo iliyosema.

Ungedhani mzigo wa kesho ungewanyima usingizi. Kumbe walioandika ya kesho ndio waliopitiwa na usingizi mapema, kwa takriban dakika 9. Na kadiri mtu alivyoeleza kazi zake kwa undani, ndivyo alivyowahi kusinzia. Hawa walikuwa vijana wenye afya, na kipimo kilikuwa cha usiku mmoja, kwa hiyo anayeteswa na ukosefu wa usingizi bado anamhitaji daktari.

Kinachofanyika kichwani kilianza kuchunguzwa zamani. Mwaka 1927, Bluma Zeigarnik alichapisha majaribio ya Berlin ambamo aliwapa watu kazi ndogondogo kama kufinyanga udongo na kufumbua mafumbo, nyingine akawakatiza katikati. Baadaye walizikumbuka zaidi zile zilizokatizwa. Wengine waliorudia jaribio lake hawakupata jibu lilelile kila mara, lakini swali lake lilizaa utafiti mwingine mzuri. Mwaka 2011, E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba mtu aliyekumbushwa shughuli zake ambazo hazijaisha husoma huku mawazo yakimtoroka. Waliopewa nafasi ya kupanga watazimalizaje walisoma kwa utulivu. Shughuli zenyewe zilikuwa palepale, hakuna hata moja iliyofanyika. Mpango tu ulitosha kuituliza akili.

Ndiyo maana orodha nyingi hazisaidii: zina majina ya kazi, hazina mpango. Mfikirie mama lishe aliyeandika "mchele, kodi, presha". Akili yake bado ina kazi ya kujiuliza lini, wapi, na kwa fedha ipi. Sasa aandike hivi: "Jumanne, nikishaosha sufuria za mchana, niende zahanati kupima presha, jiko abaki nalo dada." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba mpango wa namna hii, uliofungamanishwa na wakati au tukio fulani, hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. Sufuria zikishaoshwa, zenyewe zinamkumbusha safari.

Kisha kuna suala la kipi kitangulie, na hapa ndipo wengi wetu tunapoumia. Meng Zhu, Yang Yang na Christopher Hsee walichapisha mwaka 2018 majaribio ambayo watu walichagua kati ya kazi mbili. Moja ilikuwa na malipo madogo lakini ilionekana muda wake unakwisha upesi. Nyingine ilikuwa na malipo makubwa na muda mrefu. Muda wenyewe haukubadilisha ugumu wala faida ya kazi, ila waliovutwa na ile inayoonekana kukaribia kufungwa waliongezeka. Waliojiona wana shughuli nyingi ndio walionaswa zaidi. Walipoelekezwa kufikiria malipo wakati wa kuchagua, mtego ulilegea.

Presha ya yule mama lishe haipigi simu. Anayepiga simu ni mteja anayetaka chapati za haraka, na kikundi cha harusi kinachodai mchango kabla ya saa sita. Hayo yote ni ya haki, lakini yakiachiwa yapange siku, kipimo cha afya kitasogezwa hadi mwezi ujao, na mwingine. Kwa maoni yangu hili ndilo linalostahili kuchukuliwa kutoka kwenye tafiti hizi zote kuliko programu yoyote ya simu: nafasi ya kwanza ipewe kazi ambayo ukiikosa utaumia zaidi, hata kama hakuna anayekudai leo.

Basi leo kabla ya kulala, chukua daftari na kalamu kwa dakika tano. Andika kwanza jambo moja zito unaloliahirisha, pamoja na saa na mahali utakapolifanyia, kisha ndipo uorodheshe mengine chini yake.