Breki za Gari Kuukuu: Kutambua Uvujaji na Kasoro Nyingine

Barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega hupita juu ya uwanda wa Iramba, kisha huteremka katika mlima Sekenke hadi mbuga ya Wembere, na kutoka hapo hukata tambarare mpaka Igunga. Dereva wa Igunga anayezunguka katika vijiji vya mbugani aweza kukaa majuma mengi bila kukanyaga breki kwa nguvu. Katika muda huo kasoro ndogo ya breki haimsumbui, wala hana habari nayo. Hujidhihirisha siku atakapouteremka mlima, gari likiwa na abiria na shehena, mahali ambapo hakuna nafasi ya kujifunza. Kwa sababu hiyo yafaa kila mwenye gari kuukuu ajue jinsi breki zifanyavyo kazi na dalili zinazotangulia kuharibika kwake.

Kanuni ya breki za mafuta

Katika karne ya 17 Mfaransa Blaise Pascal alieleza kwamba kimiminiko kilichofungiwa ndani ya chombo kikisukumwa mahali pamoja, msukumo huo huenea sawasawa pande zote. Breki za mafuta zimejengwa juu ya kanuni hiyo. Mguu wa dereva husukuma kanyagio. Kanyagio husukuma pistoni ndani ya silinda kuu, ambayo mafundi huiita masta silinda. Mafuta hupita katika mabomba membamba ya chuma na mipira hadi kwenye silinda ndogo za magurudumu. Humo pistoni nyingine hutanua viatu vya breki, yaani vipande vya chuma vyenye umbo la mwezi mchanga vilivyofunikwa utando mgumu, navyo hukwaruza ndani ya dramu mpaka gurudumu lipunguze mwendo.

Mfano wa hesabu utaonyesha faida ya mpango huu. Mguu ukikanyaga kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 30, na kanyagio likiizidisha mara 5, pistoni ya silinda kuu husukumwa kwa kilo 150. Ikiwa eneo la pistoni hiyo ni sentimita za mraba 3, msukumo ndani ya mafuta huwa kilo 50 kwa kila sentimita ya mraba. Pistoni ya gurudumu yenye eneo la sentimita za mraba 5 itasukuma kwa kilo 250.

Kutokana na hesabu hiyo ni dhahiri kwamba tundu dogo kama ncha ya sindano latosha kuleta hatari, kwa kuwa mafuta hutoka kwa msukumo mkubwa. Isitoshe, magari mengi yaliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1970 yana mkondo mmoja tu wa mafuta kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote hukosa breki kwa pamoja. Magari ya baadaye yalipewa mikondo miwili ili mmoja ukiharibika mwingine ubaki.

Kutafuta mahali panapovuja

Dalili ya kwanza ni kupungua kwa mafuta katika kikopo chake. Kiasi kikishuka polepole kwa miezi mingi, huenda ni kwa sababu utando wa breki umelika na pistoni zimesogea nje. Kikishuka katika siku au majuma machache, mafuta yanavuja, na kuongeza mengine pasipo kutafuta chanzo ni kujidanganya.

Ukaguzi ufuate njia ya mafuta yenyewe. Kwanza silinda kuu: ikaguliwe pande zote, na hata ndani ya gari nyuma ya kanyagio, kwa maana raba ya nyuma ikichakaa mafuta huchuruzika upande huo. Pili mabomba ya chuma: yatazamwe yalipopigwa na mawe au kuliwa na kutu chini ya tope lililoganda. Tatu mipira iliyo karibu na magurudumu: ikikunjwa kidogo, nyufa na uvimbe huonekana. Mwisho silinda za magurudumu: hizi huvujia ndani ya dramu, na alama yake ni unyevu chini ya bamba la nyuma au doa jeusi upande wa ndani wa tairi. Vumbi la kiangazi husaidia hapa, kwa kuwa hushika mahali penye unyevu na kuacha doa.

Lakini si kila unyevu gurudumuni ni mafuta ya breki. Huenda ni mafuta ya ekseli yaliyopita sili iliyochakaa. Jaribio jepesi litabainisha. Tone la unyevu huo litiwe katika kikombe cha maji ambacho hakitatumika tena kwa kinywaji. Mafuta ya breki ya kawaida huchanganyika na maji na kutoweka. Mafuta ya ekseli huelea juu. Mikono ioshwe baadaye, kwani mafuta ya breki ni sumu na pia hubambua rangi ya gari. Vumbi lililo ndani ya dramu lisipulizwe: utando wa breki wa zamani ulitengenezwa kwa asibesto, ambayo huharibu mapafu. Vumbi hilo lilowanishwe kwanza, kisha lifutwe.

Lugha ya kanyagio

Mguu wa dereva nao ni chombo cha uchunguzi. Gari likiwa limesimama, kanyagio likandamizwe kwa dakika moja. Likizama polepole wakati hakuna dalili yoyote ya mafuta nje, raba za ndani ya silinda kuu zimechakaa, na mafuta yanazipita na kurudi nyuma. Kanyagio likibonyea kama sponji, kuna hewa ndani ya mabomba, kwa kuwa hewa hubanika na mafuta hayabaniki. Likiwa chini lakini likapanda na kuwa gumu baada ya kukanyagwa mara mbili tatu, viatu vya breki vimekuwa mbali na dramu navyo vyahitaji kusogezwa au kubadilishwa. Gari likivutwa upande mmoja, kwa kawaida gurudumu la upande wa pili ndilo lenye kasoro: utando wake umelowa mafuta au pistoni imekwama kwa kutu.

Maji na joto

Kuna kasoro moja isiyoacha doa lolote. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka yafikie angalau nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kipimo cha chini kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 140.

Gari la tani 2 likiteremka kimo cha mita 100 kwa mwendo usiobadilika hutoa nishati inayotosha kuchemsha kiasi cha lita 6 za maji. Dereva akitegemea breki peke yake, sehemu kubwa ya joto hilo huingia katika dramu. Mafuta yenye maji huchemka, mvuke hujaa katika mabomba, na kanyagio huzama mpaka sakafuni. Breki zikipoa kanyagio hurudi, na fundi akaguaye baadaye aweza asione kosa. Kinga yake ni kubadilisha mafuta yote walau kila baada ya miaka miwili, na kuteremka kwa gia ndogo ili injini ibebe sehemu ya kazi.

Matengenezo yanayoleta hatari

Safarini baadhi ya watu huongeza mafuta ya injini katika kikopo cha breki. Raba za breki za kawaida hazivumilii mafuta ya aina hiyo: huvimba, hulainika na kukwama, na mara nyingi ponya yake ni kubadilisha raba na mipira yote na kusafisha mabomba. Wengine huliziba bomba la gurudumu linalovuja. Gari litasimama, lakini likikanyagwa kwa ghafula laweza kuyumba na kupinduka. Kila sehemu ifunguliwapo, hewa itolewe kwa kufungua skrubu ya kila gurudumu, kwa kawaida kuanzia lililo mbali zaidi na silinda kuu, na mafuta yaliyotoka yasirudishwe.

Kabla ya safari ya mlimani, kikopo kitazamwe, kanyagio likandamizwe kwa dakika moja, na breki ya mkono ijaribiwe, kwa kuwa katika magari mengi huvutwa kwa waya na haitegemei mafuta. Kanyagio likizama, gari lisiondoke. Ikiwa breki zitapotea njiani, dereva akanyage mfululizo kwa haraka, ashushe gia moja baada ya nyingine, na avute breki ya mkono taratibu huku akitafuta mwinuko au ukingo laini wa barabara. Hata hivyo, hayo yote hayawezi kulinganishwa na dakika chache za ukaguzi kabla ya gari kuondoka.