Kabla ya Kuongeza Mbolea, Chimbua Shina Moja la Maharagwe

Maharagwe yako yakianza kutoa maua, chukua jembe uchimbue shina moja au mawili pamoja na udongo wake, kisha usuuze mizizi kwenye ndoo ya maji. Usiling'oe kwa mkono, kwani unachokitafuta kitabaki ardhini.

Kwenye mizizi utaona vinundu vidogo kama punje za mtama. Wapo wakulima ambao wakiviona hudhani shamba limeingiwa na ugonjwa. Sivyo. Ndani ya vinundu mnaishi bakteria waitwao raizobia. Mmea huwapa sukari, nao huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Takriban asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mahindi na sukuma wiki haviwezi kuitumia ilivyo. Ndiyo maana tunainunua kwa magunia ya CAN na urea.

Pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, bakteria wanafanya kazi. Rangi hiyo hutokana na protini inayofanana na ile ya damu yetu. Kikiwa cheupe au cha kijani, hakisaidii kitu kwa wakati huo. Uvimbe usiobanduka, ulio sehemu ya mzizi wenyewe, huwa ni dalili ya minyoo ya mizizi. Hapo muone afisa wa kilimo wa wadi yako.

Mmea ukipewa naitrojeni nyingi ya dukani hupunguza kutengeneza vinundu, nawe unalipia kitu ambacho ungekipata bure. Hata hivyo tusidanganyane: maharagwe ni mavivu katika kazi hii kuliko kunde au soya, na bado yanahitaji fosforasi wakati wa kupanda.

Soya ina bakteria wake maalumu, ambao mara nyingi ni wachache katika udongo wetu, hivyo hupakwa kwenye mbegu. Chuo Kikuu cha Nairobi kimefanya utafiti wa bakteria hawa kwa miaka mingi. Pakiti ina viumbe hai: isianikwe juani, na mbegu zipandwe siku hiyohiyo udongo ukiwa na unyevu. Iliyotengenezwa kwa ajili ya soya haifai maharagwe.

Wakati wa kuvuna wengi wetu hung'oa maharagwe mazimamazima. Ukiweza, kata mashina uache mizizi ardhini, ili naitrojeni iliyomo isaidie mahindi ya msimu ujao.